Gunia la Mtama kwa Zipora

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na mbili Machi, mwaka wa 1953. Kama hukuijua tarehe hiyo, basi hukuwahi kukaa na Maige hata kwa muda wa kumaliza bakuli la uji. Shule aliisoma miezi minne tu, akaacha akiwa anajua kuandika jina lake na kusoma namba za magunia. Lakini tarehe hiyo aliishika kuliko wenye vyeti wanavyoshika vyeti vyao. Siku hiyo wakubwa wa serikali walifika kijijini kuhesabu ng'ombe. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na mto umefurika. Limi, mke wa Maige, aliamka alfajiri akiwa mzima, anacheka. Jua halijazama, alikuwa ameshakufa.

"Gari lilikuwepo," Maige angekwambia, na hapo angekushika mkono usiondoke. "Limeegeshwa kivulini, tangi limejaa. Nikamwendea yule Bwana wa Ng'ombe na daftari lake. Nikavua kofia. Nikamwambia, Bwana, mke wangu tumbo limemkaza, hawezi kusimama, hospitali ni mbali. Unajua alinijibu nini? Wala hakuinua kichwa. Akasema, hili ni gari la kuhesabia ng'ombe, si la kubeba watu. Basi. Gari la kuhesabia ng'ombe! Kwani ng'ombe wanahesabiwa kwa magurudumu?"

Wanaume wanne walimbeba Limi kwenye kitanda cha kamba, mabegani, ndani ya tope. Hawakufika hata nusu ya njia.

Hadithi ya Maige iliishia hapo kila mara. Ilianza na wakubwa, ikaisha na wakubwa. Lakini watu wa kijijini walijua kuna kipande kimerukwa. Maige alikuwa na mkokoteni, na alikuwa na maksai wawili wa kuuvuta, Kaseko na Shilinde. Siku ile mkokoteni ulikuwa uani na maksai hawakuwepo zizini. Walikuwa ng'ambo ya mto, kwa rafiki yake Jilala. Wakati ule kila mwenye akili alifanya hivyo: ukisikia wahesabuji wanakuja, unambilisha rafiki ng'ombe wako, yaani unamwachia awatunze, anywe maziwa na kupata mbolea, ng'ombe wabaki wako. Wakubwa walitaka mifugo ipungue. Kila zizi walilolihesabu walilitoza ng'ombe wa kuuzwa mnadani. Kwa hiyo ng'ombe wa Usukuma siku za kuhesabiwa walikuwa wanatembea kuliko wachuuzi.

"Maige kaokoa ng'ombe, kapoteza mke," mama mmoja alisema msibani, nyuma ya jiko, akidhani yuko na watu wazima watupu. Zipora alikuwa pale anachochea moto. Alikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wa pekee. Baada ya kunyoa nywele za msiba alifunga kanga zake mbili, akaenda kwa wajomba zake kule ziwani alikotoka mama yake, na tangu siku hiyo hakumpelekea baba yake salamu hata kwa upepo. Aliolewa huko. Maige alisikia kwa watu, kama anavyosikia bei ya pamba.

Miaka miwili ikapita. Ndipo siku moja ya Julai, mwaka wa 1955, Mwanaima akaja na maneno.

Mwanaima alikuwa mwanamke wa Tabora, mjane mwenye sauti ya kuita wanunuzi, aliyehamia Shinyanga kuuza dagaa. Kila baada ya wiki chache alikwenda ziwani kuwanunua. Alimkuta Maige kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, alikokuwa mlinzi, amekaa juu ya jiwe lake getini, anawanung'unikia wakubwa wa jineri.

"Shikamoo Mzee Maige."

"Marahaba. Kama umekuja kuniuzia dagaa, mshahara wameukata tena, kisa kufuli imepotea. Kufuli yao, ufunguo wao, mshahara wangu."

"Sikuuzii kitu. Nimeonana na binti yako kule Chato. Amejifungua mtoto wa kike. Ameniambia hivi, nami nakupa kama nilivyopewa: mwambie baba aje amwone mjukuu. Lakini akija nitamwuliza neno moja, naye anijibu."

Maige akashuka kwenye jiwe lake.

"Neno gani?"

"Hilo hakunipa mimi. Ni lako."

"Mtoto anaitwaje?"

"Limi," Mwanaima akasema, akajifanya anafunga upya mtandio wake ili asimtazame usoni.

*

Lori lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa mjini na dereva wake alikuwa Thobias, Msumbwa mnene mwenye utani, anayeendesha kama mtu anayeswaga mbuzi, kwa miluzi na matusi. Jumamosi ile alikuwa anapeleka chumvi na sabuni Geita, kwenye maduka ya watu wa machimboni, na alitakiwa kurudi Jumatatu jioni.

"Tajiri hajasema nipite wapi nikirudi," Thobias aliwaambia. "Kasema Jumatatu jioni tu. Kutoka Geita mpaka Buseresere ni hatua. Kutoka Buseresere mpaka ziwani ni pua na mdomo. Tutakunywa pombe ya ndizi, tutaona maji, tutarudi. Mzee Maige, lini ulipumzika mara ya mwisho?"

"Sijaajiriwa kupumzika."

"Basi utapumzika bila ajira."

Walikuwa wanne. Mwanaima akakaa mbele na dereva, kwa kuwa alilipia kwa kukaanga kuku. Maige na Jilala wakapanda juu ya magunia. Jilala ndiye yule rafiki wa ng'ambo ya mto. Urafiki wao ulianza ujanani kwenye ngoma, na ulianza vibaya: Maige alikuwa upande wa Wagalu, Jilala upande wa Wagika, na wakati wa mashindano baada ya mavuno walikuwa wakitukanana kwa nyimbo mpaka sauti zinakauka. Kisha wanakula pamoja. Hata sasa wana mvi, Jilala hakukubali kwamba Wagalu waliwahi kushinda kihalali.

Maige alipanda na gunia dogo la mtama mwekundu. Alilikalia yeye mwenyewe, hakuliweka pamoja na mizigo mingine.

"Mtama wa nini?" Jilala akauliza. "Kule wanakula ndizi na samaki."

"Pombe yao haichachi vizuri bila mtama. Limi alikuwa akisema hivyo kila siku. Mtama wa kule kwao ni wa maji maji, wa kwetu ndio unaopandisha povu. Alisema siku nikimpeleka kwao tutabeba gunia zima."

"Na hukumpeleka."

"Nilisema baada ya mavuno." Maige akatazama barabara. "Miaka kumi na tisa, kila mwaka baada ya mavuno. Mavuno yakiisha, wakubwa wana jambo. Mara matuta, mara kodi, mara mihogo ya lazima. Hata yule Bwana wa Ng'ombe…"

Honi ikalia mbele, ndefu kama ya treni. Thobias akatoa kichwa dirishani.

"Nimesikia! Sheria ya lori hili: kila ukimtaja yule Bwana, napiga honi, na tukikwama wewe ndiye unayesukuma!"

"Utajuaje nimemtaja, wewe uko mbele?"

"Bi Mwanaima ana masikio kama ungo!"

"Mawili, mazima," Mwanaima akajibu kutoka ndani, na kicheko chake kikamezwa na injini.

Nchi ilikuwa kavu, rangi ya ngozi ya ng'ombe. Mashamba yalikuwa yameshavunwa, mabua yamesimama peke yake. Walipofika karibu na Mwakitolyo rejeta ikaanza kutoa mvuke. Wakashuka kutafuta maji, wakakuta akina mama wawili wamechimba kisima kwenye mchanga wa mto uliokauka, wanachota kwa kibuyu, tone kwa tone.

"Mwadila," Maige akawaamkia.

"Mwadila, baba. Mnakwenda wapi na jua hili?"

"Anakwenda kumwona mke wake mpya," Jilala akadakia. "Ana wiki tatu. Hana jino hata moja."

Wale akina mama wakacheka mpaka mmoja akamwaga maji, maana mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na babu akienda kumwona kwa mara ya kwanza hutaniwa njia nzima. Wakawapa maji debe zima. Hata Maige naye alitabasamu, akafuta tabasamu upesi kwa kiganja kama mtu anayefuta makamasi. Kisha akaharibu. Akaanza kuwaeleza wale akina mama juu ya mke wake wa zamani, na gari kivulini, na daftari.

Honi ikalia. Mbele ya pale kulikuwa na mchanga mzito, lori likazama, na Maige alisukuma. Jilala akashuka kusukuma naye, ingawa sheria haikumgusa.

*

Geita walifika alasiri. Mlima wa machimbo ulikuwa umechubuliwa ubavu mmoja na mashine zilikuwa zinasaga mawe bila kupumua. Wakashusha chumvi na sabuni, wakapata chumba kwa Mmanyema mmoja pale Kalangalala, ambapo siku zile nyumba zilikuwa za kuhesabika na katikati yake mihogo. Ilikuwa siku ya mshahara. Barabarani kulikuwa na watu wa kila kabila, Wanyamwezi, Waha, Wafipa, Wangoni, wamevaa viatu vya kazi na mashati meupe, kila mmoja anaongea Kiswahili cha kwao.

Walikunywa chai kwa maandazi kibandani. Mchimbaji mmoja, Mfipa wa makamo aliyekosa vidole viwili, akakaa karibu nao. Maige akamwona kuwa mtu mpya, hajasikia. Thobias akaona macho ya Maige yanavyomwendea, akaweka kikombe chini.

"Honi iko mbali, jamani. Tumekwisha."

Maige akasimulia yote, kuanzia tarehe. Yule Mfipa alisikiliza vizuri, hakumkatiza. Mwisho akainua mkono wake wenye vidole vitatu.

"Hivi viliondoka kwenye mkanda wa mashine. Bwana wangu naye aliandika kwenye daftari. Unajua nilifanya nini? Nilikaa miaka mitatu nawasimulia watu juu ya daftari. Mke wangu akaniambia, wewe kila siku unamleta huyo bwana kula na sisi, hata mchuzi hautoshi." Akanywa chai. "Nikaacha kumleta. Simsamehe, lakini hali tena chakula kwangu."

"Mimi mke wa kuniambia hivyo sina," Maige akasema. "Ndiyo habari yenyewe."

Yule mtu akakubali kwa kichwa, akamsogezea Maige andazi lake lililobaki. Mwanaima akanyanyuka ghafla, akasema anakwenda kununua kanga ya mzazi kabla maduka hayajafungwa, na Maige amfuate achague rangi. Maige akachagua nyekundu na nyeusi. Mwanaima akamwambia hiyo ni ya mwanamke mzee. Akachagua ya kijani. Mwanaima akamwambia hiyo ni ya bendera. Mwisho Mwanaima akachagua mwenyewe, ya manjano yenye maua ya korosho, na Maige akaibeba kwapani mpaka walipolala, kama mwizi.

*

Jumapili asubuhi barabara ya Biharamulo ilikuwa na umande. Kadiri walivyokwenda ndivyo nchi ilivyobadilika. Vichaka vikawa miti, vumbi likawa udongo mwekundu wenye unyevu, na kabla ya Buseresere migomba ikaanza, kwanza mmoja mmoja nyuma ya nyumba, kisha mingi mpaka nyumba zenyewe zikapotea. Maige alisimama juu ya magunia matupu, ameshika bodi. Limi alikuwa amemwelezea haya yote. Maige alikuwa akidhani anatia chumvi.

"Jilala."

"Naam."

"Ni kweli kuna kivuli namna hii na watu wanakaa ndani yake bure, hawatozwi?"

"Usiwape wakubwa wazo."

Wakacheka. Kisha Jilala akakaa, akamvuta Maige kwa shati naye akae. Mbele Thobias na Mwanaima walikuwa wanagombana juu ya njia, hawasikii kitu.

"Baba Zipora, lile neno atakalokuuliza. Mimi na wewe tunalijua."

Maige akashika gunia lake la mtama.

"Atakuuliza kwa nini ulificha ng'ombe. Tangu msiba wa mama yake mtoto yule anaamini ulithamini pembe kuliko mtu. Nami nimekaa kimya miaka miwili kwa sababu uliniomba. Lakini nilikuwepo, bwana. Nilisimama ng'ambo ya maji na Kaseko na Shilinde, nimewashika kamba, nakuona upande wa pili unapunga mikono. Nikawaingiza mara mbili. Mara ya pili Shilinde alikwenda na maji, nilimtoa kwa kudra tu. Kila mvua ikinyesha naota nakuona unapunga."

"Hukukosa kitu, Jilala."

"Najua sikukosa. Wala wewe hukukosa. Haukuwa mpango wako. Mwambie mtoto."

"Nimwambie nini?" Sauti ya Maige ilishuka. "Nimwambie mimi nilisema tuwaache wahesabiwe, litakalokuwa na liwe, na mama yake ndiye aliyekataa? Kwamba alfajiri ile nilikuwa bado nimelala, yeye ameshafungua zizi? Nilitoka nje nikamkuta amewashika kamba. Nikamwambia, mke wangu, mto unajaa huo, wakienda leo hawarudi wiki hii. Unajua alinijibuje?"

Jilala alijua, lakini akamwacha aseme.

"Akasema, 'Wakimchukua Kaseko, mkokoteni nitakufunga wewe. Na wewe huendi bila kuchapwa.' Akacheka, Jilala. Akacheka mpaka akajishika kiuno. Nami nikacheka. Nikawachukua ng'ombe nikawaleta kwako, mto bado unavukika. Saa nne tumbo likaanza."

Lori likapita kwenye shimo, wakarushwa wote wawili, wakarudi chini.

"Sasa nimwambie Zipora kwamba mama yake alijifungia njia kwa mkono wake mwenyewe? Mtoto amempa binti yake jina lile. Alale na hilo? Hapana. Acha anichukie mimi. Mimi nimeshazoea. Na yule Bwana naye achukiwe, gari lilikuwepo kivulini, hilo halifutiki. Sisi wawili tunatosha kubeba."

"Na mimi?"

"Wewe uniapie hutasema."

"Wewe ni Mgalu mpumbavu."

"Apa."

Jilala akaapa kwa jina la baba yake, kwa hasira, akitazama migomba.

*

Nyumbani kwa Theonest, mkwe wa Maige, walifika saa tano. Hakuna aliyewapelekea habari. Theonest alikuwa nyuma ya nyumba ndani ya mtumbwi wa kukanyagia pombe, mti mkubwa uliochongwa shimo, anakanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi, maji ya ndizi yamempanda mpaka magotini, kaptula ameikunja hadi juu kabisa. Kijana mrefu mwenye masikio makubwa. Alipoinua macho akaona wageni, na Mwanaima akapaza sauti, "Theonest, baba mkwe wako huyu!" yule kijana aliruka kutoka mtumbwini kama aliyeumwa na siafu, akajificha nyuma ya mgomba. Mapaja ya mkwe hayaonwi na baba mkwe, kwa Wasukuma wala kwa Wazinza.

"Shikamoo baba!" sauti ikatoka nyuma ya mgomba.

"Marahaba," Maige akauitikia mgomba.

"Karibuni! Karibuni sana! Naja, nafuata suruali!"

Lakini suruali ilikuwa ndani na mlango uko upande wa wageni. Thobias alicheka akakaa chini kabisa. Ikabidi Maige ageuke, atazame barabara, kijana apite mbio. Maige alipogeuka hivyo ndipo akamwona Zipora. Alikuwa anatoka kisimani, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Amenenepa kidogo usoni. Alikuwa na mwendo ule ule wa mama yake, wa kuweka mguu chini kama anayejaribu ardhi.

Akatua ndoo. Akapiga goti kama inavyopasa, macho chini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Shikamoo baba mdogo," akamwamkia Jilala.

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu." Jilala alikuwa na kikohozi ghafla.

Zipora akawapa viti, akapika. Maige akatoa gunia la mtama na kanga. Zipora akaipokea kanga kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka pembeni. Lakini lile gunia alilifungua hapo hapo, akachota mtama kiganjani, akaupuliza makapi, akatazama punje kwa muda.

"Ni wa shamba la mama?"

"La mama. Nimelilima mwenyewe. Wakubwa walitaka nipande pamba pale, nikawa…" Maige akatega sikio, akingoja honi. Thobias alikuwa amekaa na mikono mapajani. "Nimelilima," akarudia.

Theonest, sasa ana suruali na shati la kanisani, akaukaanga ule mtama, akausaga, akasema hajawahi kuona mtama unaonukia vile. Mtama wa siku hiyo ulikuwa wa pombe ya kesho, kwa hiyo walikunywa ya jana, rubisi nyekundu iliyochujwa vizuri, kwa vibuyu. Mwanaima alikunywa ile tamu ambayo haijachacha, akasema dini yake na tumbo lake vimekubaliana. Samaki walikuwa wa kuchoma, sato wakubwa kama sahani, na ndizi za kupika zilizopondwa. Thobias aliimba. Jilala, kibuyu cha tatu, akasimama akacheza wimbo wa Wagika wa kuwatukana Wagalu, na Maige akamjibu kwa wimbo wa Wagalu akiwa amekaa, kidole juu, na Theonest asiyejua chochote juu ya ugomvi huo akawapigia makofi wote wawili.

Kisha Mwanaima akamtoa mtoto mgongoni kwa mama yake na kumweka mikononi mwa Maige.

"Haya, Mzee Maige. Mkeo huyu hapa. Umemkuta mzima, hana meno, hana deni, wala hana wivu."

Maige alimshika kama mtu anayeshika yai lisilo lake. Mtoto alikuwa na kipaji cha uso kipana. Akafungua macho, akamtazama yule mzee bila kujali, akapiga chafya.

"Mke wangu," Maige akamwambia.

*

Shamba la Theonest lilishuka mpaka majini. Jua likiwa bado juu, wote walitelemka kuona ziwa. Mwanaima alikwenda upande wa wavuvi kuulizia dagaa, Thobias na Theonest wakamfuata kubeba magunia. Wakabaki juu ya mwamba Maige na mtoto mapajani, Zipora pembeni yake, na Jilala hatua chache, amekunja suruali, miguu majini.

Maji yalikuwa mengi mno. Limi alikuwa amemwambia hayana ng'ambo, na hilo nalo alidhani anatia chumvi. Mawimbi madogo yalikuja, yakaondoka, yakaacha konokono.

"Mama alikuwa anakaa hapa," Zipora akasema. "Kwenye mwamba huu huu. Wajomba wamenionyesha. Alikuwa anafulia hapa akiwa msichana."

"Aliniambia kuna mwamba."

"Baba, nilisema nitakuuliza neno."

Jilala akaacha kuchezesha miguu.

"Uliza," Maige akasema. Alishaliweka jibu tayari tangu Shinyanga: nilikosa, mwanangu, nilipenda ng'ombe. Maneno manne, matano. Alikuwa ameyarudia juu ya lori kimoyomoyo mpaka yamelainika kama mkanda wa zamani.

"Nilitaka kukuuliza kwa nini ulificha ng'ombe," Zipora akasema. "Miaka miwili nilikuwa nalo hilo. Nilikuwa nalala nalo. Lakini nilipojifungua, usiku ule sikulala, nikawa nakumbuka vitu. Nikakumbuka asubuhi ya siku ile. Nilikuwa ndani, bado nimejifunika. Nikasikia zizi linafunguliwa." Akamrekebisha mtoto kanga kichwani. "Mwenye kufungua zizi vile, kwa kuinua gogo la chini kwanza, ni mama tu. Wewe huanza na la juu, linagonga."

Maige akatazama maji.

"Halafu nikawasikia mnaongea, sikushika maneno. Ila mama alicheka. Nimemsikia mara nyingi mama akicheka, lakini siku ile alicheka sana, mpaka nikatamani kutoka nje nami nicheke. Nikasema nitamwuliza baadaye." Sauti yake haikuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililomtisha Maige kuliko yote aliyojiandaa nayo. "Sasa siulizi juu ya ng'ombe, baba. Hao waache."

Jilala alikuwa amegeuka. Alimtazama Maige usoni na midomo yake ilikuwa imefungwa kwa nguvu, kama mtu aliyejaza maji mdomoni.

Mtoto akakishika kidole cha Maige, akakikaza. Huko juu nyumbani honi ya lori ilikuwa kimya; kelele za upande wa wavuvi zilikuwa za Mwanaima, anabishania bei.

Zipora akasogea karibu, goti lake likagusa la baba yake.

"Niambie hilo moja tu," akasema. "Mama alikuwa anacheka nini?"